Theluji Ndani ya Dua: Watoto Wetu na Habari za Ncha za Dunia



Wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mada ya safari hii huenda ikawashangaza. Tunataka kuzungumza juu ya barafu, dubu weupe na pengwini. Msicheke kwanza. Kilichotuingiza katika jambo hili ni mtoto mmoja wa madrasa yetu hapa Kasese, na kosa tulilomfanyia, ambalo tunalikiri mbele yenu kabla ya kusema mengine.

Tulikuwa tunasomesha dua ya kufungulia Sala, ile ambayo ndani yake mja anamuomba Mola wake amsafishe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Watoto karibu wote walikuwa wameihifadhi, wanaisoma kwa sauti moja mpaka raha. Mvulana mmoja wa miaka 9 akanyanyua mkono: "Ustadhi, thalji ni kitu gani?" Tukamjibu ni theluji. "Na theluji ni kitu gani?" Tukamjibu ni barafu. Akafikiri, akasema barafu anayoijua yeye ni ya kwenye friji ya mama anayeuza juisi stendi, sasa kwa nini tuoshwe madhambi kwa barafu ya juisi? Darasa zima likacheka. Hakukomea hapo. Alikuwa amesikia shuleni kwamba ziko nchi za barafu ambako jua halizami kwa miezi, akataka kujua watu wa huko wanafuturu saa ngapi.

Tukamwambia akae chini, hayo si ya umri wake, na anawapotezea wenzake wakati.

Akakaa. Wiki ya kwanza tulifurahi kwamba darasa limetulia. Baada ya kama mwezi mama yake akaja kutusalimia, na katika mazungumzo akasema: "Ustadhi, huyu mtoto alikuwa ananichosha kwa maswali, siku hizi kanyamaza kabisa. Nilipomuuliza akaniambia madrasa kuuliza ni dhambi."

Neno lile lilituchoma, na mpaka leo linatuchoma. Kwa sababu ukweli tunaujua wenyewe: swali lake halikuwa na ubaya wowote. Sisi ndio hatukuwa na jibu mkononi, na mwalimu asiye na jibu hukimbilia ukali.

Tena, ndugu zangu, aibu yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa jibu limo katika vitabu tunavyosomesha. Imekuja katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya An-Nawwas bin Sam'an, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipowaeleza Maswahaba habari za Dajjali alitaja siku moja itakayokuwa ndefu kama mwaka. Maswahaba hawakunyamaza kwa kuogopa kuonekana wajinga. Waliuliza swali la kitoto kabisa: katika siku hiyo ndefu, Sala za siku moja zitatutosha? Wala hawakuambiwa wakae chini. Walijibiwa kwamba hazitoshi, na kwamba wakadirie nyakati zake. Juu ya jibu hilo ndipo maulamaa wa baadaye walipojenga maneno yao kuhusu nchi za mbali kaskazini. Mtoto wa miaka 9 hapa Kasese aliuliza karibu swali lile lile, akatimuliwa.

Basi tukajiambia kwamba deni lazima lilipwe. Tulitumia wiki 3 kujisomea kwanza sisi wenyewe, kisha tukakaa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye naye ana watoto wetu hao hao asubuhi. Tukakubaliana kuwasomesha habari za ncha za dunia pande zote mbili, yeye upande wake na sisi upande wetu, katika wiki zile zile. Maoni yetu leo ni kwamba kila madrasa ingefaa ijaribu, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na yale yaliyopotoka. Katika shule moja tuliyoitembelea tulikuta picha nzuri ukutani: dubu mweupe amesimama juu ya barafu, na pembeni yake pengwini wawili. Watoto wanaipenda sana. Lakini dubu yule na pengwini hao hawajawahi kukutana porini tangu waumbwe. Dubu mweupe anaishi kaskazini, pengwini ni wa kusini. Wapo hata pengwini wa Afrika, katika fukwe za Namibia na Afrika Kusini, wala hawahitaji barafu yoyote. Na nyuma ya kosa hili dogo liko kubwa zaidi, kwamba mtoto anadhani ncha zote mbili ni mahali pamoja, "kule kwenye baridi". Ncha ya kaskazini ni bahari iliyofunikwa na barafu, na nchi kavu imeizunguka. Ncha ya kusini ni kinyume chake: ni bara, Antaktika, lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 14, limebeba barafu ambayo unene wake kwa wastani ni karibu kilomita 2, na bahari imelizunguka. Kaskazini wapo watu waliozaliwa huko, na babu zao vivyo hivyo. Kusini hapana wenyeji, wapo wataalamu wanaokwenda na kurudi, na kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1959 bara lile limetengwa kwa ajili ya amani na utafiti.

Somo hili la bahari na bara tulilifanya kwa vikombe viwili. Kimoja tulitia maji na pande la barafu likielea. Cha pili tulitia maji, tukaweka jiwe linalochomoza juu, na barafu tukaiweka juu ya jiwe. Tukatia alama ya kalamu pale maji yalipofika, tukaendelea na Qur-aan. Baada ya saa moja watoto wakaangalia: kikombe cha kwanza maji yako pale pale, cha pili yamepanda. Sasa waulize barafu ipi ikiyeyuka itawasumbua watu wa Mombasa na Unguja, ya kaskazini inayoelea au ya kusini iliyokaa juu ya nchi kavu? Walijibu wenyewe. (Msichana mmoja akauliza, na Greenland je? Hapo tulifurahi kwamba tulikuwa tumesoma: Greenland iko kaskazini, ila barafu yake imekaa juu ya nchi kavu, kwa hiyo ni kikombe cha pili.)

Chumvi nayo. Hapa Kasese nani asiyeijua chumvi ya Katwe? Tuliwapa kila kundi vipande vya barafu na chumvi kidogo, wakaona barafu iliyotiwa chumvi inavyoyeyuka upesi kuliko nyingine. Kwa hiyo maji ya bahari hayagandi kwenye nyuzi 0 kama ya mtungini, bali yanangoja baridi ifike karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Hesabu za chini ya sifuri ambazo watoto wanazichukia zikapata kazi. Baridi kali kuliko zote iliyopata kupimwa ardhini kwa kipimajoto ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, katika kituo cha Vostok, Antaktika, tarehe 21 Julai 1983. Kasese mchana ni nyuzi 30. Tofauti ni ngapi? Walikimbilia ubaoni.

Lakini lililotugusa zaidi ni hili la karibu. Tunawasomesha watoto habari za barafu ya mbali, na wao wakitoka nje asubuhi iliyo wazi wanaweza kuuona mlima wenye barafu yake wenyewe. Wakonzo wa hapa hawakulikopa neno la theluji kwa mtu, wanalo lao, nzururu, na ndilo lililomo katika jina la Rwenzururu. Mtoto wa Kikonzo aliyekuwa akituangalia tu tulipotaja thalji, tulipomwambia ni nzururu alicheka akasema kumbe! Neno letu la Kiswahili theluji ni hiyo hiyo thalji ya Kiarabu, na barafu limetoka kwa Waajemi, ambako maana yake ni theluji. Yaani dua, mlima na friji ya juisi vyote viko katika sentensi moja, na sisi tulikuwa tunavitenganisha.

Mtukufu mmoja wa Kiitaliano, Luigi Amedeo, aliyeitwa Mtawala wa Abruzzi, ndiye aliyefika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwezi wa Juni 1906. Miaka 6 kabla ya hapo safari yake ilikuwa imejaribu kuifikia ncha ya kaskazini. Yeye mwenyewe vidole viliumizwa na baridi, akamtuma Umberto Cagni, aliyefika nyuzi 86 na dakika 34 mwaka 1900 kisha akarudi. Mtu yule yule alikwenda kutafuta barafu huko mwisho wa dunia, kisha akaja kuitafuta hapa kwetu, karibu na ikweta. Katika mwaka ule wa 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6 na nusu hivi. Kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na imezidi kupungua.

Hapa tuweke tahadhari. Watoto kadhaa waliposikia hayo walisema ndiyo maana Mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba Mei 2013 na tena Mei 2020. Hapana. Yale yalikuwa maji ya mvua kubwa. Barafu iliyobaki juu ni kidogo mno kuleta balaa kama lile. Mwalimu asikubali jibu lisilo sahihi kwa sababu tu linaelekea upande anaoupenda.

Sasa turudi kwenye swali la yule mvulana, maana ndilo mzizi wa yote. Sisi tunaoishi ikweta tuna neema ambayo hatuijui. Jua letu linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, mwaka mzima. Adhana ya Magharibi hapa haisogei zaidi ya nusu saa hivi kati ya mwezi mmoja na mwingine. Saumu yetu ni saa 13 na dakika kadhaa, Ramadhani iwe Juni au Desemba. Kwa hiyo mtoto wetu anaona mchana na usiku ni vitu vilivyogawanywa sawa kila mahali. Ukimwambia dunia imeinama anakariri, hana alichokiona.

Tulichukua chungwa, tukalichoma kijiti cha mishikaki katikati, tukafunga madirisha na kuwasha tochi. Kijiti tukakiinamisha, nyuzi 23 na nusu kwa makadirio ya jicho, tukalizungusha chungwa taratibu. Alama ya kalamu tuliyotia ubavuni katikati, yaani sisi, inaingia kwenye mwanga na kutoka. Alama ya juu kabisa karibu na kijiti haitoki kwenye mwanga hata ulizungushe mara ngapi. Kisha tukaipeleka tochi upande wa pili: alama ya juu haiingii kwenye mwanga kabisa. Palikuwa na kimya ambacho mwalimu yeyote anakijua, kisha yule mvulana wetu akasema taratibu, "Basi huko hakuna Magharibi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu siku ile.

Tukawaeleza kwamba hili liliwakuta Waislamu zamani sana. Ibn Fadlan alitumwa kutoka Baghdad mwaka 921, akafika mwaka 922 kwa Wabulgari wa Mto Volga, katika Urusi ya leo. Huko si nchani, ni mbali nako, lakini usiku wa kiangazi ni mfupi. Amesimulia kwamba aliingia hemani na fundi cherehani wa mfalme, mtu wa Baghdad kama yeye, wakaongea kidogo huku wakingoja adhana ya Isha. Waliposikia adhana wakatoka, kumbe ni Alfajiri. Mwadhini akamwambia wao huiunganisha Isha na Magharibi, na kwamba zipo siku mtu huteleka chungu jioni akasali Alfajiri kabla chakula hakijaiva. Watoto walikipenda kisa hiki kuliko vyote.

Na leo? Tromsø, mji wa Norwei, jua halizami tangu karibu tarehe 20 Mei mpaka karibu 22 Julai, na halichomozi tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Wapo Waislamu huko, wengi wao Wasomali, jirani zetu kabisa. Ramadhani ya 2015 iliwakuta katika jua lisilozama, na wapo waliofuata saa za Makka. Katika mji wa Inuvik, kaskazini ya Kanada, msikiti wao ulijengwa mbali ukasafirishwa kwa lori kisha kwa tishari juu ya mto, safari ya kilomita kama 4,000, ukafika mwaka 2010. Wao wamekuwa wakifuata nyakati za mji wa Edmonton. Huko ndiko kukadiria kwenyewe. Mtoto aliyesikia haya haoni tena kwamba dini ni ya nchi za jua na mitende tu.

Halafu jambo ambalo hatukulitarajia kuwa zito: watu. Watoto walipochora wakazi wa kaskazini wote walichora nyumba za mabonge ya theluji. Tukawaambia kwamba ile ilikuwa zaidi ni hifadhi ya muda ya mwindaji aliye safarini, na kwamba Wainuit wa leo wengi wanaishi katika nyumba za mbao zenye joto, watoto wao wanasoma shule na wana simu. Nani kati yetu hajaudhika kuona mtu wa mbali akichora Afrika kwa kibanda kimoja na simba mlangoni? Tusiwafanyie wengine lile linalotuudhi sisi.

Wazazi wengine hawakuridhika, na haki yao tuiseme. Baba mmoja alituambia waziwazi: mtoto wa Kasese dubu mweupe wa nini, msomesheni hesabu na Juzuu Amma. Tunamheshimu, na hofu yake tunaijua, ada inalipwa kwa jasho. Lakini hatukupunguza hata ukurasa wa Juzuu Amma, na hesabu walizofanya wiki zile zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Kule Uingereza mtaala wa taifa unawataka watoto wa miaka 5 hadi 7 wajue mahali pa joto na pa baridi duniani kwa kulinganisha na ikweta na ncha zake. Yaani mtoto wa London anasomeshwa habari za ikweta yetu, na sisi tulio juu yake tunaona haituhusu? Mtaala wa hapa Uganda wa madarasa ya kwanza, ulioanza 2007, una mada ya hali ya hewa. Mlango upo, mwalimu anaweza kuingilia hapo.

Mzazi mwingine hakupenda watoto wachore wanyama. Suala la taswira lina maneno yake na leo hatuliingii. Tulimaliza kwa kuchora nyayo za dubu na milima ya barafu, kila mtu akaridhika. Na swali la kama sili ni halali tuliulizwa mara 5. Tukawaambia maulamaa wana maneno juu ya mnyama wa nchi kavu na majini, tukawasimulia jeshi la Abu Ubayda (R.A.) lilivyookota samaki mkubwa ajabu pwani likala siku nyingi.

Gharama yote ilikuwa barafu, machungwa na betri za tochi. Kama mko karibu na ziwa, muwapeleke pia watoto kuangalia ndege wadogo wa kando ya maji wanaoitwa chokowe, wanaofika miezi ile ya baridi kaskazini. Baadhi yao wametaga na kulea makinda katika tundra ya Siberia, ndio hao wanachokoa matope hapa.

Yule mvulana sasa hatunyamazii. Wiki iliyopita alikaa na kalenda, akahesabu kwamba mwaka wa Kiislamu hupungua siku 10 au 11, akagundua kwamba katika mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na zote mbili zitawakuta watu wa Tromsø katika kipindi cha giza. Akatuuliza kama zaka ya fitri italipwa mara mbili. Tukamwambia ndiyo, kila Ramadhani na fitri yake. Akasema atamwambia baba aanze kuweka akiba.